Namna Tulivyochechemea Mbele ya Kamera

Niliamini, kwa moyo wote, kwamba kamera ya filamu inatuma picha moja kwa moja kwa wazungu wanaopanga safari za wakimbizi, na kwamba anayeonekana ameteseka kuliko wenzake anapandishwa ndege kabla mvua hazijaanza. Anayecheka, dosye yake, faili la safari, inafungwa. Habari hiyo niliipata kwa kinyozi wetu wa kambi ya Dzaleka, Malawi, na sikuiulizia mara mbili. Mimi ni mhitimu wa shule ya usiku. Nikiamini kitu, nakiamini kwa cheti.

Filamu yenyewe ilituhusu sisi wa kabaza, yaani bodaboda, tunaopata kazi kwa simu mjini Lilongwe: peleka kuku mtaa wa Area 49, chukua kitambaa Area 36, rudisha viatu vilivyombana mtu wa Area 23. Simu ikilia umeajiriwa, ikinyamaza umefukuzwa. Aliyeitengeneza alikuwa dada mmoja wa Bukavu, fundi cherehani aliyekulia kambini na kujifunza kamera kwenye harusi za kanisa. Alitaka tuonekane tulivyo, basi. Mimi alinichagua kuwa mhusika mkuu kwa sababu, alisema, nikifunga mdomo Dzaleka nzima inadhani umeme umekatika. Nafasi hiyo niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kuoa.

Siku ya kwanza nilikuja na shati lililochanika. Nililichana mwenyewe. Nikapanda pikipiki nikiguna kama mzee wa miaka mia tatu.

"Yaya, uko mugonjwa?" dada akauliza; kwao yaya ni kaka mkubwa.

"Hapana, dada. Njo maisha, ndiyo hivi tu."

"Jana nilikuona unaimba pale ku barabara."

"Jana kamera haikukuwako."

Habari za ndege sikuwanyima wenzangu. Niliwapa wote, na chumvi juu. Kesho yake walifika wakichechemea, kila mmoja kwa mguu anaoupenda. Mrundi mmoja mwembamba, mpole kuliko sisi sote, alijifunga bandeji kichwani, kisha akavaa helmeti juu yake. Dada alimtazama ndani ya kamera, akamtazama tena kwa macho yake, akauliza kama kumetokea ajali.

Tukafika kwenye kipande alichokingojea zaidi. Kwetu, chakula kikikataliwa getini hakirudi wala hakitupwi. Aliyekibeba anawapigia wenzake, tunakila kando ya barabara, na yeye anachekwa mpaka mfupa wa mwisho. Njo sheria yetu. Dada alitaka hiyo sheria, na siku hiyo geti moja la mtaa wa Gulliver, kule Area 49, lilikuwa limenikataa kweli. Tuliketi tukamzunguka kuku, akinukia hadi mlinzi wa geti akasema zikomo, asante ya Kichewa, kabla hajakaribishwa. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyekula. Mimi nilimtazama yule kuku, nikalia machozi ya kujaza ndoo, na nilijiona bingwa.

Dada akazima kamera.

"Yaya, kesho nafasi yako nampa huyu wa bandeji. Yeye hata akijikaza, macho yake inacheka. We sikujui tena."

"Tumuzoee sasa, mukubwa wa filamu," mmoja akasema, akimpiga Mrundi begani. Mrundi akainamisha helmeti yake kwa adabu.

Nikayafuta machozi kwa mkono wa shati. "Dada, unihurumie. Nikicheka, ile ndege?"

"Ndege gani?"

Nikamweleza yote: wazungu, mvua, dosye zinazofungwa. Wenzangu wakaitikia kwa vichwa kama wako ibadani. Mlinzi naye akaitikia, na yeye hata si mkimbizi.

Dada hakucheka. Alifungua kamera, akatoa kadi ndogo kama ukucha, akaiweka kiganjani tuione sote.

"Picha zinaingia humu," alisema. "Naipeleka nyumbani, naziunga ku kompyuta ya kanisa. Hakuna muzungu anaziona. Dosye zenu ziko ku ofisi, mi sijawahi kuzigusa. Hii ni filamu tu, yaya. Kula na benzako, bakucheke, halafu tunaanza tena na we."