Mkasi na Kisima Kikongwe

Kwenye kambi ya wachimba gesi, jangwa la Oman, Nabhan bin Zahir alikuwa na jina linalomkera: Mkasi. Mwaka uliopita alisukuma bomba kwa pupa likakwama ardhini, ikabidi likatwe na kisima kizibwe. Tangu hapo, mtu akiomba kisu mezani, wenzake hudakia, "Kisu cha nini, na Mkasi yupo?" Kicheko! Naye hucheka nao, roho inamuuma.

Sasa alirudishwa kwenye kiti cha mwendeshaji. Msimamizi wake, Ami Muhenna, ndiye aliyempachika jina lile, na hakumficha neno.

"Ukikwamisha na hiki, mwanangu, utarudi kwenu Nizwa ukafuge mbuzi."

Kisima chenyewe kilikuwa kikongwe, kimekauka, kila mtu kakikatia tamaa. Lakini gesi ilikuwapo bado, imelala ubavuni mwake. Basi bomba jembamba la chuma, lililoviringwa kwenye gurudumu kubwa kama uzi, lilishushwa ndani ya kisima kilekile, likatoboa ukuta, likakata kona na kuanza kuchimba kwa ulalo. Bomba hilo halizunguki; huzunguka keekee tu, kule nchani. Ukilishindilia wakati vumbi la mawe limelizonga, linajikunja hukohuko, na hapo ndipo mkasi unapoitwa.

Adhuhuri moja bomba likagoma. Nabhan aliona mshale wa kipimo cha uzito ukilala.

"Sukuma!" Muhenna alifoka mlangoni mwa kibanda cha mwendeshaji. "Pamebaki kidogo tu!"

"Sisukumi, Ami. Nalirudisha nyuma, maji ya pampu yaondoe vumbi."

"Kila ukilirudisha linapinda tena kwenye gurudumu huku juu, chuma kinachoka! Likikatika je?"

"Likikatika, niite Mkasi mpaka kaburini."

Akalivuta taratibu, jasho likimtiririka, Muhenna akinung'unika nyuma yake. Akayaacha maji yapite. Akalishusha tena. Lilipofika pale lilipogomea, lilipita kama halijawahi kugoma! Akaendelea kuchimba, hathubutu hata kumeza mate.

Ghafla mshale wa gesi ukaruka. Nje, kwenye mdomo wa bomba la kuchomea gesi, moto ukafumka na kunguruma, watu wakapiga mayowe, "Kimefufuka! Wallahi kimefufuka!" Mpishi alitoka mbio na mwiko mkononi. Nabhan alibaki kitini akicheka peke yake.

Jioni wakakaa kwenye mkeka, tende katikati. Kwa desturi kahawa humiminwa na aliye mdogo kuliko wote, lakini siku hiyo Muhenna alishika birika mwenyewe, akaanza na Nabhan. Na huko ukimiminiwa, utaongezwa mpaka utikise kikombe. Nabhan akanywa, akanyoosha kikombe, hakutikisa. Akaongezwa. Akanywa. Hakutikisa.

"Tikisa basi, bwana wee! Birika linakwisha!"

"Niite kwanza kwa jina langu, Ami."

Muhenna akamtazama, kisha akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

"Haya, Nabhan bin Zahir. Umetosheka?"

Nabhan akatikisa kikombe.