Kadi ya Krismasi Kutoka Buchani

"Umenichinja, mama! Hata nguruwe mnamgonga kichwa kwanza!" Don Fidencio alikuwa anampigia kelele karani wa bucha, kadi ya Krismasi mkononi, na sisi foleni nzima tumetega masikio. Karani wala hakuinua macho. Desemba ikifika huwaandikia wateja kadi za bucha kwa mkono, na akipumzika kalamu anaichomeka kwenye fundo la nywele. Vidole vinanuka ndimu na mafuta, bahasha anailamba taratibu kama paka aliyeshiba. Bosi aliwahi kumletea kadi za kuchapwa, za herufi za dhahabu, karani akazifungia soseji. Kadi aliyoniandikia mimi iliniuliza habari za goti langu, nikaja nikanunua kilo tatu nisizozihitaji. Ya Don Fidencio ilisema: "Krismasi njema kwako na kwa nyumba zote mbili." Mkewe ndiye aliyeifungua.

"Nani kakwambia nina nyumba mbili?"

"Si wewe, baba? Kila mwaka mapaja mawili ya nguruwe, moja kwako, moja kwa yule mshonaji wa darajani." Sauti yake ni ile ya kusoma matangazo kanisani. "Ningesalimia moja, nyingine ingenuna."

"Nimefungiwa mlango! Mkesha wa Krismasi nitakula wapi?"

"Mwombe radhi mteja," bosi akamnong'oneza karani.

Karani akachomeka kalamu kichwani, akakumbatia bahasha zake za kupeleka posta. Mlangoni akageuka.

"Kwa hiyo mwaka huu, baba, tukukatie mapaja mangapi?"

Akaenda zake bila kungoja jibu.