Chokaa ya Jumapili ya Matawi

Miaka ya sitini nilimpikia mama mmoja wa kizungu kule Muthangari, mjane. Ukimwita Mwingereza alikasirika. "Mimi ni wa Welisi!" Kwao Welisi, nchi jirani na Uingereza, alinisimulia parokia ilikuwa ndogo, kanisa moja la mawe na kondoo wengi. Huko kila Jumapili ya Matawi watu walipaka makaburi chokaa na kuyawekea maua. Kwetu magharibi sijawahi kuona jambo hilo, ingawa shule mimi niliacha darasa la pili, kwa hivyo nisiyoyajua ni mengi.

Basi kila mwaka tulienda makaburini kumpakia mumewe chokaa, mimi na ndoo, yeye na maua. Mwaka mmoja tuliporudi akaniuliza, "Mpishi, nikifa, mimi atanipakia nani?"

Nikacheka. "Memsahib, kunywa chai, inapoa."

Miaka ya sabini akafa, akazikwa kando ya mumewe. Jumapili ya Matawi ilipofika nikabeba ndoo peke yangu. Mlinzi wa makaburi akanitania, "Mzee, unapaka wazungu chokaa? Si ni weupe tayari?"

Nilipaka makaburi yote mawili, nikaweka maua, nikakaa pale mpaka chokaa ikakauka. Nyumbani hakukuwa na mtu wa kumpikia.