Aliyezama Mtoni

Mwalimu wa fasihi, ambaye wanafunzi walimwita Mama Kurasa, alikuwa amechoka na hakuficha. Kila alipogeukia ubao, vidole vilishuka chini ya madawati kusugua simu. Ukiwaambia wasome riwaya, wanasoma muhtasari. Ukiwapa muhtasari, wanataka video. Hebu niambieni, watu hawa utawafanya nini?

Mkuu wa shule naye alimchosha zaidi. Alitaka kukifuta kipindi cha kusoma, muda wake wapewe watu wa kompyuta, isipokuwa kama angejionea mwenyewe kwamba darasa lile linasoma kweli. Ndiyo maana asubuhi hiyo alikuwa amekaa nyuma ya darasa, mikono kifuani.

"Haya," mwalimu akauliza, "yule mama mvushaji kwenye riwaya yetu aliishia vipi?"

"Alizama mtoni," darasa zima likaitikia, tena kwa raha.

Mama yule anatumbukia, ndiyo, lakini katika sura inayofuata, ya mwisho, anaokolewa. Aliyeandika ule muhtasari wa kwenye simu alichoka kabla ya kufika huko, na darasa zima likachoka naye. Na mkuu? Alikuwa akiitikia kwa kichwa, ameridhika. "Hongereni," akasema. "Inaonekana mmesoma."

Kipindi kimepona, basi. Mwalimu alitakiwa kufunga mdomo tu.

"Hakufa," akasema binti mmoja mpole wa upande wa dirishani, akiinuka. "Shemeji yake alimvuta kwa kamba." Wenzake wakacheka. Mkuu akamwambia akae, asiwapotoshe wenzake.

Hapo uvumilivu ukamwisha Mama Kurasa. Mwaka mzima amepata mmoja tu aliyesoma hadi mwisho, halafu aaibishwe mbele yake? Kipindi na kipotelee mbali. "Huyo ndiye aliyesoma, Mkuu. Hawa wengine wamenidanganya, na wewe umewapongeza."

Mkuu akatoa simu, akapekua, akamwonyesha. "Mbona hapa wanasema alizama?"

Mwalimu aliichukua ile simu, akailaza mezani kifudifudi, akamtia mkononi riwaya iliyofunguliwa sura ya mwisho. Mkuu akaanza kusoma palepale aliposimama, shingo upande.

Kengele ikalia. Shuleni pale hakuna anayemtangulia mkuu kutoka mlangoni, kwa hiyo darasa likasimama, mabegi mgongoni, likimsubiri. Mkuu akafungua ukurasa mwingine.