Jezi Aliyoivuta Isoken

Isoken Aghayere hakuwahi kujua kutulia. Akiwa na miaka tisa alicheza na wavulana kwenye vumbi la mtaa wao katika jiji la Benin, Nigeria, na baba yake alimchapa mpaka akachoka mchapaji, si mchapwa. Akawa beki. Akacheza Uswidi, akacheza Uturuki, akaivalia Nigeria jezi ya kijani mara hamsini na mbili. Hiyo ya hamsini na mbili ndiyo iliyomtafuna: dakika ya mwisho mshambuliaji akaanguka, penalti, Nigeria nje. Miaka miwili aliwaambia waandishi kwamba hakumgusa, na miaka miwili hakuitwa.

Ijumaa jioni simu ikalia. Beki mmoja kaumia. Afike kambi ya timu ya taifa, Abuja, kesho kabla ya saa kumi na mbili jioni, la sivyo ataitwa binti mwingine. Isoken ana miaka thelathini na minne. Simu nyingine haitakuja.

Saa moja na nusu asubuhi yuko njiani, begi mgongoni, anashangaa mbona hakuna gari wala pikipiki. Kisha akakumbuka. Jumamosi ya mwisho wa mwezi! Siku ya usafi, hakuna kutembea mpaka saa nne. Kila mtu na ufagio wake mlangoni kwake. Ulaya ilikuwa imemsahaulisha jambo ambalo kila mtoto wa Benin analijua.

Arudi angoje? Kungoja ndiko asikokuweza. Akauchukua ufagio ulioegemezwa ukutani kwa jirani, akaanza kufagia kuelekea kituo cha mabasi, mlango hadi mlango, macho chini.

Filimbi ikalia. Mama mnene mwenye fulana ya wakaguzi wa usafi akamjia mbio.

"Wewe! Unafagia mtaa mzima, nani kakuajiri?"

"Nafagia kwetu, mama."

"Kwenu kunaishia wapi, Lagos? Na hilo begi ni la takataka?" Akamkazia macho. "Ngoja kwanza. Si wewe Isoken wa penalti?"

"Ndiye mimi. Nimeitwa kambini, mama. Nikichelewa basi nimekwisha."

"Mwanangu! Mume wangu anasema ulivuta jezi. Mimi nasema yule binti alijiangusha. Niambie leo nikamzibe mdomo, kisha upite zako."

Neno moja tu, na njia i wazi. Alikuwa amelisema mara mia bila kupepesa macho. Lakini alikuwa amechoka, jamani, amechoka kuukimbia ukweli.

"Nilimvuta, mama. Kwa mkono huu."

"Ee Mungu wangu! Miaka miwili namnyima mzee wa watu supu ya egusi kwa ajili yako!" Akamtupia koleo. "Ingia mtaroni. Zoa mpaka saa nne!"

Isoken akazoa, tope mpaka magotini, kila dakika akilitazama jua. Saa nne injini zikaanza kunguruma. Hakuna basi lililokuwa limeruhusiwa kuondoka kabla ya hapo, na la kwanza la Abuja lilipojitokeza, mama yule alisimama katikati ya barabara na filimbi yake.

"Mchukueni huyu! Anawahi kambi ya taifa!"

Abiria wakaziba pua, wakajisogeza.

"Na safari hii," mama akapaza sauti dirishani, "usimvute mtu!"

"Sawa, mama."

Hapo alidanganya. Mshambuliaji akimpita, mkono utakwenda wenyewe, ndivyo alivyo. Ila akiulizwa, atasema.