Phanice, Mtutu Wako Uko kwa Chairman

Bado akili yangu inakataa. Jumamosi tulimzika Phanice kwao Iguhu, na leo nimeamka nikashika simu nimuulize kama anakuja range kupiga shabaha.

Kwa wasiomjua: siku za kazi aliuza dawa za mifugo dukani hapa Kakamega mjini. Wikendi alilenga shabaha kwenye klabu ambayo mimi ni karani wake. Homa ya mapafu imemchukua akiwa bado kijana.

Ile bunduki yake ya .22, iliyotunzwa kwenye kabati la klabu kama zetu zote, aliinunua ikiwa imetumika, na mtutu wake ulikuwa umechoka. Risasi zilitawanyika kwenye karatasi kama kuku waliotupiwa jiwe.

Hakulalamika. Aliomba kibali, akaagiza mtutu mpya wa shabaha kupitia muuzaji mwenye leseni, akasubiri miezi.

Siku fundi wa bunduki alipoufunga, Phanice alikaa mbele yake kama mama ambaye mtoto wake anadungwa chanjo.

"Fundi, polepole!"

"Madam, nikienda polepole zaidi nitalala."

Chini ya mdomo wa mtutu akapaka nukta ya rangi ya kucha, maroon. "Hata bunduki ya msichana ijipambe," akasema.

Raundi ya kwanza, mita hamsini, matundu matano yalishikana hadi kitufe cha shati kingeyafunika yote. Mimi ndiye niliyetokwa na machozi. Yeye alinicheka: "Karani, mbona unatetemeka? Aliyepiga ni mimi!"

Kisha akamshinda Chairman wetu, mbele ya wageni ambao Chairman mwenyewe alikuwa amewaleta.

Chairman akasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Huyu anashindanga na chuma, si na mkono."

Phanice akamjibu kwa adabu kabisa, "Basi Chairman, nikuazime hicho chuma Jumamosi moja tuone."

Range nzima ilicheka. Chairman hakucheka.

Mwezi huo huo alimtoa Phanice kwenye timu ya mashindano. Alisema kubadilisha mtutu wa kiwandani ni udanganyifu. Nilimsomea kanuni ya mchezo inayoruhusu. Akaniambia, "Karani, wewe andika minutes."

Phanice alikuwa akijiandaa kukata rufaa alipolazwa. Nilipomtembelea wodini alikuwa akipumua kwa shida, lakini bado alikuwa na maneno: "Mtutu wangu usiguswe na mtu. Nikitoka hapa nataka timu yangu."

Hakutoka.

Na kwenye mazishi, Chairman alipewa kipaza sauti. Alisimama kando ya jeneza akasema marehemu alikuwa na bidii, "ingawa alipenda njia za mkato." Mama Phanice aliinamisha kichwa. Baba yake alinitazama mimi, kama anayeuliza, ni kweli?

Sijalala vizuri tangu hapo. Lakini hilo bado si lililonifanya niandike.

Chairman hajawahi kusafisha bunduki yake mwenyewe. Akimaliza kupiga, hunisukumia kitambaa na mafuta na kwenda kunywa chai. Jumatatu nilifuta bunduki yake kama kawaida, nikaigeuza.

Chini ya mdomo wa mtutu palikuwa na nukta ya maroon.

Nilimpigia fundi papo hapo. Akasema, bila kujua anachosema, "Ndiyo, niliufunga mimi wakati Phanice amelazwa. Chairman aliniambia mgonjwa amemwachia. Ule wa zamani nikarudisha kwa bunduki ya Phanice. Kwani kuna shida?"

Nimemuuliza baba yake Phanice. Hakuna aliyeombwa kitu, na hakuna aliyetoa kitu.

Chairman, najua unasoma. Wewe huweki like, lakini unasomanga.

Uliuita udanganyifu ukiwa kwa msichana wa duka la dawa za mifugo. Sasa uko kwako, umekuwa halali? Na bado unapiga sita na saba kwa kumi! Ni mimi ninayekusanya karatasi zako. Una chuma chake chote, na bado risasi zako hazijui katikati ni wapi.

Alhamisi ni siku ya kunyoa nywele za matanga kwa akina Phanice. Wewe ni mtu wa hapa, unajua inavyoendeshwa. Familia itanyolewa, kisha mzee atauliza mbele ya ukoo na majirani: ni nani anamdai marehemu, na ni nani aliye na kitu chake? Kila mtu anajibu kwa mdomo wake mwenyewe. Anayenyamaza akiwa na kitu cha marehemu, watu wa Iguhu wana jina lao la kumwita, na jina hilo litafika kwa watoto wako.

Sikuambii ubebe mtutu uje nao. Sheria hairuhusu, na mimi huogopa sheria. Mtutu urudi kwa muuzaji, familia iamue. Ninachotaka ni usimame pale, useme unao, useme ulivyoupata, kisha umgeukie mama yake useme binti yake hakudanganya mtu.

Nataka uone haya. Nimejaribu kuomba Mungu aniondolee hiyo hamu, na bado nataka.

Fundi amekubali kuja. Amekasirika kuliko mimi.

Phanice, wewe unanijua. Mimi ndiye niliyekuwa nikiziba masikio hata kwa .22. Ninaandika haya vidole vimelowa jasho, na kesho huenda nisiwe na kazi. Lakini Alhamisi nitakuwa kwenu, nimeketi karibu na baba yako. Mzee akiuliza na Chairman akatazama viatu vyake, nitasimama mimi, hata sauti ikikatika.

Hakuna atakayekuita mdanganyifu tena mbele ya mama yako akaondoka bila kujibiwa. Lala salama, rafiki yangu.