Saruji Mpya Milangoni

Mtu akikupa nyumba bure hapa Kolwezi, kwanza kagonge sakafu. Hilo halihitaji kusomea. Katika mtaa wetu watu wamechimba kobalti sebuleni, chini ya kitanda, hata chooni, turubai likiwa limeziba dirisha ili jirani asione udongo ukitolewa. Madini yakiisha wanajaza takataka shimoni, wanamwaga saruji juu, kisha wanakuonyesha rangi mpya ya ukuta.

Kwa hiyo mzee mmoja mwenye duka la vipuri alipokuja kusema anatoa nyumba yake kwa kituo chetu, wenzangu walipiga vigelegele. Mimi sikupiga. Rahisi ghali, nilisema moyoni, sembuse ya bure?

Kituo chenyewe kilikuwa sisi wazazi, mwalimu mmoja, na watoto wetu wenye ulemavu. Walikuja asubuhi wakajifunza kushona, kuhesabu na kujilisha, jioni wakarudi. Pa kukaa hatukuwa napo. Ukumbi wa parokia ulitutoa kwa ajili ya harusi, gereji ikatutoa kwa ajili ya magari. Kila tulipofukuzwa, binti yangu alibaki nyumbani kwenye kiti chake cha magurudumu, mlango umefungwa kwa nje, maana mimi lazima niende sokoni kuuza unga. Siku hizo niliuza kwa hasira, na wateja walijua. Sasa aje atumbukie shimoni kwa sababu mama yake alifanya haraka kushukuru? Thubutu!

Siku ya kuangalia nyumba nilibeba mchi wangu wa kutwangia. Wenzangu walisifu ua na bati. Mimi nilitazama chini. Sakafu ilikuwa ya zamani, nyekundu, lakini kwenye kila mlango kulikuwa na kipande cha saruji ya kijivu, mpya, laini. Sebuleni, chumbani, jikoni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami nilishtuka.

"Tata, hii simenti njo ya nini?" nilimuuliza mzee, aliyekuwa akitutembeza.

"Ni mi nilitengeneza."

"Naona. Na chini yake kuko nini?"

Sikungoja jibu. Nikaanza kugonga.

"Mama, unatuletea haya," mwenyekiti wetu alininong'oneza. "Mutu anatupa nyumba, na we unamugongea?"

Nikagonga kwa nguvu zaidi. Penye shimo sakafu hulia kama ngoma. Hii haikulia, mlango baada ya mlango, na hilo likanitia wasiwasi zaidi: labda alijaza vizuri, huyu.

"Tata, kama ulichimba, sema. Mi sitaki mutoto wangu aingie mu shimo yako."

Mzee aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Kulikuwa bizingiti mu milango yote, mama. Nilibibomoa."

"Ulibibomoa juu ya nini?"

"Mutoto wangu alikuwa anatambaa. Bilikuwa binamuumiza magoti."

Mtoto yupi? Asubuhi zote nilikuwa napita mbele ya lango lile na beseni la unga kichwani, na sikuwahi kusikia kwamba ana mtoto.

"Hakuna mutu alimujua," alisema. "Nilikuwa naona haya. Alikufa mu hii nyumba. Hakutoka hata siku moja mu barabara."

Nilitaka kumchukia, na nusu nilimchukia. Lakini kwenye ncha ya kitenge changu nilikuwa nimefunga ufunguo wa kufuli, na binti yangu muda ule alikuwa ndani, peke yake, akinisubiri. Niliugusa ule ufunguo, nikashusha mchi. Niliwaambia wenzangu tuichukue.

Siku tuliyohamia mzee alikuja, akabaki amesimama langoni. Tulimkaribisha, akakataa kuingia. Binti yangu alikuwa akizunguka ndani kwa mikono yake mwenyewe, chumba kwa chumba, pasipo mtu wa kumnyanyulia kiti.

"Anapita?" mzee aliniuliza.

"Anapita, tata."

Baadaye binti yangu akatoka ndani, akavuka ua na kusimamisha kiti mbele ya mzee, akingoja ampishe. Mzee alishika lango kwa mikono miwili, akalifungua lote, na binti yangu akatoka barabarani.